Sauti ya Kijana wa Ajabu

Rafiki wa kwanza ambaye binti yangu amewahi kumleta nyumbani aliondoka katikati ya filamu, mvua ikinyesha, na aliyemwondosha ni mimi. Nilidhani namchekesha.

Filamu za aina hiyo nilizijua utotoni, katika ukumbi wa video hapa Gisenyi, mpakani na Goma. Zilikuwa vichekesho vya vijana wa Marekani wa miaka ya themanini: suruali fupi, miwani mikubwa, msichana anayezungumza na mimea, mvulana anayekwenda shuleni na samaki wake ndani ya chupa. Hakuna aliyepigwa risasi. Watu wazima ndio waliokuwa wajinga, na yule wa ajabu alishinda bila kubadilika. Mimi, niliyekuwa nikicheza peke yangu, nilitoka pale nikitembea kifua mbele.

Kiingereza hatukukijua. Msobanuzi, yaani mtu anayetafsiri filamu kwa kipaza sauti, alimpa kila mhusika sauti yake. Mkuu wa shule aliongea kama karani wa Goma, Kifaransa kingi. Tajiri aliongea kama mtu wa Kigali. Na yule wa ajabu, kila mara, aliongea kama mkulima wa viazi wa Bugeshi, kule juu milimani, pole pole, akishangaa hata taa. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Nami pia.

Jumapili ile niliwawekea wasichana filamu ya yule mvulana na samaki wake. Binti yangu yuko sekondari na hana marafiki wengine. Nilitaka aone kwamba inawezekana kushinda bila kubadilika. Mgeni alikuwa akijibu maswali yangu kwa neno moja moja. Nikahitimisha kwamba ana haya. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali, lakini huyu sikumuuliza hata anatoka wapi.

Filamu haikuwa na tafsiri. Nikajifanya msobanuzi.

“Papa, tuache tuangalie, bon,” binti yangu alisema.

“We nyamaza, niko kazini.”

Mvulana alipoingia darasani na chupa yake, nikavuta maneno: “Eeeh bandugu! Mi natoka kule juu kwa viazi. Hii samaki yangu itakaa wapi?”

Mgeni alicheka kidogo, mkono mdomoni. Nikaongeza sauti. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu aliweka kikombe chini.

“Asante, papa. Mi naenda. Mvua imepungua.”

Haikuwa imepungua. Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizosema siku hiyo, na ndani yake nilisikia lafudhi ya milima ya Bugeshi wazi kabisa. Nilibaki na rimoti mkononi.

Mlango ulipofungwa, binti yangu alizima televisheni.

“Darasani wanamuigaka vile vile. Kila siku. Ndiyo maana haongeaki.”

“Sikujua, mama.”

“Nilimuambia kwetu hakuna mutu wa kumucheka.”

Nikasema nitakwenda kwao kuomba radhi.

“Usiende. Papa yake atauliza ulisema nini. Utamuonyesha ile sauti?”

Sikwenda. Tangu siku hiyo binti yangu anarudi kutoka shuleni na kuingia chumbani moja kwa moja. Jana nilimsimamisha mlangoni nikamuuliza kama yeye na yule msichana bado ni marafiki.

“Tuko darasa moja,” alijibu.