Kinamasi cha Mama

Majirani zetu pale Umoja walimcheka mama aliponunua shamba la maji. Ndivyo walivyoliita. Liko upande wa Njiru, juu pakavu, katikati mikuyu, chini kinamasi kilichojaa mafunjo. Mama, aliyeuza viatu vya akala sokoni Kariokor tangu sijazaliwa, hakujisumbua kujieleza. "Nilikulia karibu na mahali kama hapa," alisema. "Najua kazi yake."

Kaka yangu ni mjenzi. Yeye aliona pale nyumba za kupangisha. Mwaka juzi mama alisafiri kwenda magharibi kwa mazishi, na kaka hakupoteza wakati: alileta malori ya vifusi kujaza kinamasi. Habari nilizipata kwa mama mmoja mjane anayelima sukuma huko bondeni. Alifika mlangoni kwetu na chupa mkononi.

"Binti yangu, tazama kisima changu."

Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

Nilimfuata palepale. Lori lilikuwa linarudi nyuma kuelekea mafunjo, na dereva akatoa kichwa dirishani. "Niaje, siste! Nimwage hapa ama pale?"

"Humwagi popote. Geuza."

"Lakini bosi amesema..."

"Bosi wa hapa ni mama yetu, na hajasema."

Alinitazama kidogo, akacheka, akageuza. Mimi sikusogea mpaka vumbi lake likatulia.

Mama aliporudi hakupiga kelele. Jumapili, baada ya kanisa, alimimina yale maji kwenye glasi na kuyaweka kando ya sahani ya kaka.

"Kunywa."

Kaka aliisukuma glasi kando.

"Majirani wa bondeni wanakunywa yanayotoka kwetu," mama akasema. "Mafunjo ndiyo chujio lao, na mikuyu ndiyo inayoshika udongo."

"Mama, kila mtu anajenga. Sisi tubaki na vyura?"

"Tubaki nao. Wewe jenga kule juu penye ukavu. Huko chini usiguse."

Kaka ni mkaidi, lakini akikubali jambo hukubali kwa mikono. Wiki ile ile alikuja na vibarua wake na mikokoteni, akavaa gamubuti, akazoa vifusi nao mpaka tope jeusi likaonekana tena. Mimi na mama tulipandikiza mafunjo pale yalipofukiwa. Mvua ikanyesha, yakashika. Kisima cha yule mjane kilisafika polepole, na msimu uliofuata korongo wenye taji walijenga kiota katikati ya majani. Mama alitukataza kukaribia hadi makinda yalipoondoka.

Nyumba ya kaka imesimama huko juu, na wapangaji wake huamshwa na ndege. Hivi karibuni jirani wa ng'ambo ya kijito kinachotoka kwenye kinamasi, aliyekuwa amefyeka kingo zake zote, alikuja kuomba miche ya mafunjo. Kaka ndiye aliyempa jembe na kumwonyesha pa kuchimba.