Karata ya Kwanza ya Baba

Juzi nilipokuwa nikicheza bridge, karata za wawili dhidi ya wawili, mwenzangu alikuwa mjukuu wangu. Nilitaja kopa kumjulisha kuwa ndizo nguvu yangu, yeye akafungua mchezo kwa pau. Nilimfokea mpaka mwenyewe nikashangaa.

Pau ile ilinirudisha alasiri moja ya utotoni, barazani kwa meneja wa mgodi, palipokuwa pakinuka tumbaku na limau, na kishindo cha mashine za kusaga mawe kikitikisa bilauri mezani. Mzungu wa nne alikuwa na malaria, wakamwita baba, karani wao, akamilishe meza. Mimi nilikuwa nimempelekea ugali, nikakaa sakafuni nyuma ya kiti chake.

Baba alicheza na daktari dhidi ya meneja na mkewe. Daktari alikuwa ametaja kopa, na baba ndiye wa kufungua. Nyumbani alinifundisha mwenyewe: mwenzako akitaja kopa, mfungulie kopa. Na alikuwa nazo, ree ikiwemo! Vidole vyake vikashika pau.

"Baba, kopa!" nikapayuka.

Akanigeukia, akanizaba kofi. "Kaa kimya!" Akatupa pau.

Meneja akashinda, akacheka. "Karani, una kichwa kigumu kweli."

"Ndiyo, bwana."

Kwa miaka mingi nilimchukia baba kwa kofi lile, nikidhani amesahau mchezo. Hakusahau kitu. Meneja aliyeshindwa na karani wake angemfukuza kazi kesho yake, na nyumbani tulikuwa watoto saba.

Nikamrudishia mjukuu wangu pau yake.

"Fungua kwa kopa," nikamwambia. "Hapa hakuna meneja."