Shairi Nililomnyang'anya Fundi

Wasomaji wangu, Jumatatu tulimzika fundi cherehani wa mtaa wa Waislamu hapa Gisenyi, yule mzee aliyeshona kanzu kibarazani karibu na soko. Wengi wenu mmevaa kazi ya mikono yake. Mimi nimeivaa pia, tena nimekula sifa zilizokuwa zake. Hilo hamlijui, na leo naona haya kuliandika.

Fundi alikuwa na mashairi ya kinyumenyume, ambayo aliyaimba huku akikanyaga cherehani. Moja lilikwenda hivi: “Jua ya usiku ikatulowesha, kipofu akaiona, bubu akatuita, tukakaa wima, tukakula njaa mpaka tukashiba.” Wachuuzi wa samaki walitua vikapu vyao ili wacheke. Nilipokuwa bado nafundisha, nililiandika, nikalinyoosha Kiswahili chake, nikalipeleka kwenye kijarida cha shule. Chini yake nikaweka jina langu. Nilijiambia kwamba halina mwenyewe.

Mkaguzi wa shule alipokuja, alilisifu sana. Jioni tulitembea pamoja mjini, tukamkuta fundi akiimba lilelile. Mkaguzi akacheka. “Mwalimu, hata fundi amejifunza shairi lako!”

Cherehani ikasimama. Fundi akanitazama. Neno moja lingetosha, nami nikageuza uso. Yeye ndiye aliyejibu: “Ndiyo, bwana. Mwalimu iko na maneno muzuri.” Akakata uzi kwa meno, akarudi kwenye kazi yake. Tangu siku hiyo, kila nilipopita pale nilisikia cherehani peke yake.

Mwaka huu alipougua nilikwenda kumwona, nimekusudia kumwomba radhi. Badala yake nikamuuliza shairi lilitoka wapi. Akasema alifundishwa na mama yake, na mama yake alilisikia kwa wapagazi waliopita na mizigo; wapagazi walilipata wapi, hakuna ajuaye. Nilikuwa nimekwisha kuwauliza wavuvi, wakanielekeza ng'ambo ya mpaka, Goma. Watu wa Goma wakanirudisha huku.

“Bon, sawa, Mwalimu,” akasema, “unamutafuta mwenyewe ya nini? Ili umuombe yeye radhi?” Akavuta pumzi. “Yeye hatutamupata. Lakini mi niko hapa.”

Nilitazama mkeka. Nikasema Mungu amponye, nikaondoka.

Siku ya mazishi, binti yake alinifuata nje na daftari. “Mwalimu, baba alisema we ndiye unaijua shairi ile yote. Niandikie, watoto wangu wasiisahau.” Hakuwa ananikejeli. Baba yake hakumwambia kitu juu ya wizi wangu. Alikuwa ameniachia heshima ambayo sikuistahili. Nikalia mbele ya watu, nao wakadhani ni huzuni tu. Kisha nikamweleza yote. Akanisukumia daftari, akasema, “Basi andika vile yeye alikuwa anasema, si vile we ulisema.”

Tunasema mengi siku hizi juu ya kukusanya mila zetu vitabuni, na sisi tulioshika kalamu tunapenda kusema kwamba maneno ya zamani hayana mtunzi. Ni kweli, mtunzi hajulikani. Anayejulikana ni yule aliyeyatunza hadi yakatufikia, mwenye sura na mlango wa kubisha hodi. Niliubisha, akanifungulia, nikashindwa kusema neno moja. Ndugu msomaji, kama kuna mtu ambaye nafsi yako inakudai umwombe radhi, nenda angali anaweza kuitikia.