Rejeta ya Mkwe

Sijaisahau, mwanangu, siku baba yangu mzazi alipochukua msumeno wa chuma akaikata vipande viwili zawadi aliyoitoa kwa mkono wake mwenyewe. Ndoa yangu ilikuwa haijatimiza mwaka, na mimba ya kwanza ndiyo kwanza inanitapisha asubuhi. Nilisimama mlangoni nikasema moyoni, leo narudi kwetu na virago vyangu.

Kaa basi, Hamadi. Kaa nami niendelee kukuna nazi yangu, maana mchuzi haungoji hadithi. Mimi ni mama yako mkubwa, nimekubeba mgongoni mama yako akiwa kazini hotelini, kwa hiyo usinifanye mgeni. Ule mfuko ulioko nyuma ya mlango wangu naujua. Kila ukija unausahau, na kila ukiondoka unausahau tena. Mle mna ile rejeta ya kupoza oili ambayo Baba Mkubwa wako aliitoa kwenye ndege yake ya zamani akakupa, uifunge kwenye hiyo ndege unayoiunda. Naye kila jioni ananiuliza, "Hamadi keshaifunga?" Wewe huiamini, na kumwambia huwezi. Si ndivyo? Usitazame chini, mwanangu, sakafuni hakuna jibu.

Huyo Baba Mkubwa unayemwona leo anakohoa barazani alikuwa kijana kama wewe, fundi wa injini pale kiwanja cha ndege cha Ukunda, na kichwa chake kilikuwa kigumu kama kifuu. Mzungu mmoja wa Diani alianza kujiundia ndege ndogo, akachoka, akarudi kwao akaliacha gofu lake bandani. Bakari wangu akalichukua. Akalifungia injini ya lile gari dogo lenye mgongo wa kobe, kidogo kidogo, kila akitoka kazini. Watu wa Kona ya Musa walimcheka mpaka wakachoka. Wakamwita Rubani wa Mabati. Yeye anacheka nao, halafu anarudi bandani.

Injini ile ilikuwa na ugonjwa mmoja tu: oili yake ilichemka. Huku kwetu jua lenyewe unalijua. Oili ikizidi moto inakuwa nyepesi kama maji, haishiki tena vyuma, vyuma vinasagana, na injini inakata roho. Gari likizima unashuka unasukuma. Ndege ikizima, mwanangu, utashuka uende wapi? Kwa hiyo alitafuta rejeta nzuri ya kupoza ile oili, akatafuta sana, hakuipata.

Basi baba yangu akasikia. Baba alikuwa na duka la vyuma vya magari kule Samburu, kwenye barabara kuu ya malori. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mpana. Akaja kututembelea amebeba rejeta imefungwa kwenye kanga mpya, akamkabidhi mkwewe mbele ya wazee wa nyumba. Bakari akaipokea kwa mikono miwili, macho chini. Wakati ule mkwe wa kiume hali sinia moja na baba mkwe wake, wala hamkazii macho. Akipewa anapokea, akiambiwa anaitikia, basi.

Nilipoifungua ile kanga nikaingiwa na baridi. Rejeta nzuri, pana, haina hata kovu, ila pembeni ina rangi ya manjano. Rangi ile naijua. Kabla sijaolewa mimi ndiye niliyekaa dukani na baba, na nililiona gari la mashindano likivutwa kwa kamba mpaka uani kwetu, la manjano, injini yake imekwama kabisa. Beringi zimesagika zikawa unga wa chuma. Na unga ule ulikwenda wapi? Ulichukuliwa na oili, na oili yote hupita kwenye rejeta.

Nikamwambia mume wangu usiku uleule wa kwanza, sikungoja. Akaigeuza rejeta mikononi. Kisha akasema, "Nitaiosha kwa petroli."

"Itatakata?"

"Nitaiosha sana."

Mwanangu, mimi si fundi, lakini nimechuja tui maisha yangu yote. Chujio utalisuuza, utalikung'uta, utalianika juani, na kesho ukilichokonoa kwa ncha ya mwiko utakuta machicha ya jana yamejificha kwenye nyuzi. Sasa rejeta ina vijia vyembamba, vimepindana humo ndani, wala huvioni. Utajuaje kuwa umeutoa unga wote? Unaifunga kwenye injini nzima, oili mpya inauzoa ule unga, inaurudisha kwenye beringi, na huo mgonjwa wa manjano anaambukiza mwingine. Hayo Bakari aliyajua kuliko mimi. Nilimwona anaiosha huku uso umemkunjamana.

Mama mkwe, Mungu amrehemu, naye akatia yake. "Mkono wa mkwe haurudishwi," akasema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Methali ni nzuri, lakini nayo ina mahali pake. Hapa guu lingevunjika kwa kusikia!

Ikafungwa. Siku ya kuruka ikapangwa, na baba akaalikwa aje aone. Nikawa silali, nikitazama tumbo langu nasema, huyu atamjua baba yake au atahadithiwa? Nikamwomba Bakari aende akaseme. Akaniambia, "Mke wangu, nitamtazama vipi mzee yule?" Nikajua hatakwenda. Angekubali kuanguka kutoka mawinguni kuliko kumwambia baba mkwe "hii haifai". Heshima yake ndiyo iliyonifanya nimpende, na sasa inataka kunifanya mjane.

Asubuhi nikajifunga buibui nikapanda gari la Kinango, kutoka huko mpaka Samburu. Njia nzima vumbi na kutapika. Nikamkuta baba dukani, nikamwamkia, nikakaa chini, nikasema yote bila kumeza mate: baba, ile rejeta ni ya gari la manjano.

Akafunga kitabu chake cha hesabu. Wallahi nilitamani anipige.

"Mumeo kakutuma?"

"Hajui kama nimekuja."

Akasimama, akavaa kofia, akachukua msumeno ukutani. Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, tukarudi pamoja. Msumeno aliulaza mapajani safari nzima. Nami nikahesabu tasbihi kwa vidole, nikiomba baba asimvunjie mume wangu heshima na mume wangu asimvunjie baba yangu.

Bandani, Bakari alipotuona akaangusha spana. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ifungue ile rejeta."

"Baba, iko sawa, nimeiosha vizuri…"

"Ifungue, mwanangu."

Akaifungua. Baba akaibana kwenye jiliwa, akaikata katikati polepole, kama mtu anayekata kitu chake na hana haraka. Akavipindua vile vipande kwenye karatasi nyeupe, akavigonga. Oili kidogo ikadondoka, na ndani ya oili vikang'aa vichembe vya chuma. Petroli yote ile, na bado vimo.

"Ulijua?" baba akauliza.

"Nilikuwa na wasiwasi, baba."

"Ukanyamaza."

"Niliona haya."

"Uliona haya kunirudishia chuma," baba akasema, akiweka msumeno chini. "Lakini kunirudishia binti yangu yuko edani, na tumbo mbele, hilo hukuliona haya?"

Bakari akalia. Sisemi uongo, mwanaume mzima alilia, nami nikalia mlangoni. Baba akamwekea mkono begani, kitu ambacho wakwe hawakufanya siku zile, akamwambia neno ambalo ndilo nililokuitia hapa. Alisema, "Mimi sijui ndege. Nilikipenda, nikakupa. Nikikupa kitu, nimekupa na ruhusa ya kukikataa. Usiponiambia hakifai, umeniacha nikuue kwa mapenzi."

Tangu hapo wakawa marafiki, hata sinia wakalila pamoja, mama mkwe akashika mdomo. Wakaitafuta rejeta nyingine wote wawili, wakabishana kama watoto. Walipoipata ilikuwa mpya. Baba hakuridhika, akaziba tundu moja, jingine akalitia pampu ya baiskeli, akaizamisha kwenye beseni langu la kufulia na kukodoa macho kutafuta povu. Na Bakari, alipotaka kuikaza chuma kwa chuma, mzee akauliza, "Injini haitikisiki?" Inatikisika. Basi wakaikalisha juu ya vipande vya mpira, isije ikapata ufa kwa kutikiswa. Siku iliporuka, baba alisimama kando ya kiwanja na leso yake ameikunja mkononi, hakuitumia kufuta jasho wala nini, ameishika tu. Ilipotua akaniambia, "Haya, nenda kampikie mumeo," akageuka ili nisimwone uso.

Sasa turudi kwenye mfuko wako.

Nimeufungua, ndiyo, jikoni ni kwangu. Rejeta ya Baba Mkubwa wako, ileile waliyoitafuta na baba, ilikuwa nzuri zamani, lakini imekaa miaka kwenye ndege bandani kule Diani, hatua chache na bahari. Nilizikwangua zile mbavu zake kwa ukucha, zikatoa unga mweupe. Chumvi imezila. Ukiitia oili ya moto itavuja, na itavuja ukiwa juu. Mzee haoni vizuri tena, mwanangu. Yeye anaona ile aliyoifunga akiwa kijana, na anakupa roho yake. Ndiyo maana ni vigumu kumwambia, nami nakuhurumia. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi nikwambie, na uyashike. Rejeta usiyoijua ilitoka wapi usiifunge, hata ikiwa inang'aa, hata akikupa anayekupenda. Iliyotoka kwenye injini iliyokufa, izike nayo. Nunua kwa mtu utakayempata kesho ukirudi kumuuliza. Chagua ya kutosha jua la Ukunda, si baridi ya Nairobi, na uikalishe mahali upepo unaingia na kutoka, maana upepo ukiingia usipate njia ya kutoka haupozi kitu. Ijaribu kwenye maji kabla hujaijaribu hewani. Beseni langu lipo.

Na kuliko hayo yote, usimfiche mkubwa wako ukweli ukaita heshima. Heshima ni kumwamkia, kumkalia chini, kumchagulia maneno. Kumnyamazia mpaka akuzike, hiyo ni nini? Mkubwa hupewa ukweli kwa mikono miwili, kama anavyopewa maji.

Kwa hiyo chukua mfuko, nenda barazani. Mwamkie kwanza. Mwambie, "Baba Mkubwa, hii imeliwa na chumvi, nisaidie kutafuta nyingine." Atakasirika, namjua, atakoroma, atasema vijana wa siku hizi. Halafu ataulizia miwani yake. Na asipoiulizia, mkumbushe msumeno wa mkwewe. Nao uko palepale kwenye ukuta wa banda, hajauhamisha tangu baba alipouacha.

Nenda, mwanangu. Mola akupandishe ukiwa mzima na akushushe ukiwa mzima, ulimi wako aufanye mwepesi kwenye kweli, na wanao wakujue kwa uso wako, wasikujue kwa kuhadithiwa. Amin. Nenda, namsikia ameacha kukohoa, anakungoja.