Shikamoo na Begi la Mchanga

Mimi ni mwoga, na uoga wangu una mahali unapokaa: goti la kulia. Ulihamia hapo nilipokuwa najiandaa kwa usaili wa askari wa msitu. Tulitakiwa kukimbia mbio ndefu kule Korogwe tukiwa na begi zito mgongoni, na kwa umri wangu nafasi ya pili haikuwepo.

Nyumbani ni Handeni. Nilijaza begi mchanga, nikakaza mikanda, nikashika barabara ya vumbi. Nilijidanganya kwamba mtu aliyekua akibeba ndoo kichwani hawezi kushindwa na mzigo. Nilisahau kwamba ndoo ya maji hakuna anayekimbia nayo.

Hata hivyo, kilichoniumiza hasa ni salamu. Kwetu binti hamsalimii mkubwa akiwa wima. Hukunja magoti kidogo. Na asubuhi wakubwa wote wako barabarani na majembe yao. Niko katikati ya mbio, bibi huyo anakuja, nasimama ghafla, nakunja magoti, "Shikamoo bibi," na mchanga wote unanishukia. Bibi naye hana haraka. Ataulizia nyumbani, baba, mpaka mbuzi, na mimi nimeinama pale natetemeka. Heshima si utumwa, wanasema, ila wao hawajaitoa wakiwa na begi la mchanga mgongoni. Siku moja nilipoinuka goti likalia kama kijiti kikavu.

Baba alibeba katani mashambani ujana wake wote. Hakuanguka wala hakugongwa na kitu. Asubuhi moja aliinama kuokota ndala, mgongo ukakataa kurudi. Tangu hapo anatembea akitazama ardhi. Nilipokuwa nakanda goti kwa maji ya moto nilimwona yeye tu.

Aliniona nachechemea.

"Mwanangu, mwaga nusu ya huo mchanga. Na upumzike mpaka maumivu yaishe, si mpaka uchoke kupumzika."

"Na wazee barabarani, baba?"

"Wasalimie ukiwa bado mbali, huku unapunguza mwendo. Usimwinamie mtu ukiwa na mzigo."

Nilipumzika kwa hofu, nikarudi kwa hofu. Siku za begi nilitembea tu. Siku za mbio begi lilibaki nyumbani. Mchanga niliuongeza kwa bakuli, na kila bakuli nililiogopa. Wazee wakaanza kunung'unika kwamba binti yule siku hizi ana kiburi. Baba akawajibu kwamba ni yeye aliyenikataza.

Siku ya usaili Korogwe ilikuwa na jua la kuchoma. Nilikimbia nikilisikiliza goti zaidi kuliko nilivyosikiliza pumzi zangu. Karibu na mwisho nikamwona baba pembeni ya barabara. Hakuwa ameniambia kwamba angekuja. Magoti yakaanza kukunjika yenyewe, maana tangu nipate akili sijawahi kumpita baba yangu bila shikamoo. Nikaogopa kweli. Nilijua nikiinama pale, siinuki.

Baba naye alijua. Aligeuka taratibu, akanipa mgongo, ule mgongo wake uliopinda, akajifanya anatazama duka la ng'ambo. Nikampita bila kumsalimia, nalia, goti langu likiwa zima.