Pande la Tatu la Pazia

Sinema ya mji mdogo ikifa, mara nyingi hugeuzwa ghala la saruji. Hii ilifungwa tu, ikaachiwa popo, mpaka watu wa mji walipoamua kuifufua wenyewe. Waashi waliziba nyufa bila malipo, madereva wa malori wakabeba kifusi, na mwuza dawa, mwenyekiti wa kamati, akagawa kazi zilizobaki. Mama Sofa, aliyevalisha viti vya mji huo tangu ujana wake, akapewa viti vya ukumbi. Pazia kubwa la jukwaani, la mahameli nyekundu, akapewa mdogo wake.

Mdogo wake hushona nguo za maharusi, ndiyo maana watu humwita Shela.

"Dada, mimi sikuliomba," Shela alimwambia.

"Nani kasema umeliomba? Vizuri haviombwi na wewe, vinakufuata tu. Toka utotoni."

Mwuza dawa akajaribu kupooza mambo. "Mama Sofa, kiti ndicho kitu cha kwanza mgeni anachokutana nacho."

"Anakutana nacho kwa makalio," alijibu. "Pazia atalipigia makofi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Walifanya kazi katika ukumbi mmoja. Mama Sofa alikuwa chini, amepiga magoti kati ya safu, aking'oa sponji iliyotafunwa na panya. Shela alikuwa juu ya jukwaa na cherehani yake, na wageni. Kila aliyekuja kuona ukarabati aliruka viti kama anavuka mtaro, akaenda kushika mahameli. "Lo! Hii mikono ni ya dhahabu!" Kisha walishuka kupumzika kwenye viti, wakaendelea kulisifia pazia.

Alasiri moja Shela alikwenda kula. Mama Sofa akapanda jukwaani, akijiambia anafuata mkasi wake. Akapapasa mapande yaliyokwisha kuungwa. Mahameli ina vinyweleo kama mgongo wa paka: ukifuata vinakolala ni laini, ukivirudisha vinakataa. Pande la kwanza, laini. La pili, laini. La tatu likakataa. Shela, aliyezoea hariri, alikuwa ameliunga juu chini. Kwa mwanga wa dirishani kosa halikuonekana, lakini taa za jukwaani zikiwaka, pande lile lingetoka jeusi kati ya mengine mekundu.

Kufumua mshono ule ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu. Mama Sofa akachukua mkasi wake, akashuka.

"Dada, unalionaje?" Shela aliuliza aliporudi.

"Si unasifiwa na mji mzima? Neno langu la nini?"

"Lako ndilo ninalolitaka."

"Zuri."

Jioni ile Mama Sofa alipika huku anaimba. Mumewe akachungulia jikoni. "Viti vimeisha, au nini?"

"Wapi! Vinaendelea."

Siku chache baadaye wanawake wa mji walikuja kushona upindo kwa mkono, wameketi kulizunguka pazia, umbea na sindano vikienda pamoja. Mama Sofa akajikuta mbele ya pande la tatu. Sasa kusema kulikuwa kugumu zaidi: angefumulisha kazi ya wote, na wangemuuliza alijua tangu lini. Akashona, akanyamaza.

Pazia likatundikwa. Watu wakajaa ukumbini, taa zikawashwa. Mstari mweusi ukashuka kutoka darini mpaka sakafuni. Ukumbi ukawa kimya, na Mama Sofa akauonja ukimya ule kama maji baridi.

"Mstari!" mwuza dawa akapaza sauti. "Mnaona ubunifu huo? Mwingine angetushonea blanketi!"

Makofi yakalipuka. Mama Sofa alinyamaza ili mdogo wake aaibike, kumbe amemwongezea sifa.

Lakini Shela hakuinama kushukuru. Alilifuata pazia, akalipapasa kushuka, akalipapasa kupanda. Kisha akageuka, akamtafuta dada yake.

"Dada. Pande hili wewe ndiye uliyelipinda. Uliona?"

"Niliona."

"Siku ya upindo?"

"Kabla yake."

"Kuona nini tena?" mwuza dawa akadakia. "Liacheni, linapendeza!"

"Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," bibi mmoja alimnong'oneza. "Kaa chini."

"Literemsheni," Shela akawaambia watu wote. "Hili si ubunifu. Nimekosea."

Makofi yalikuwa yamekwisha, lakini watu walimtazama kwa heshima kubwa kuliko mwanzo. Mama Sofa akaiona heshima hiyo, nayo ikamchoma vilevile. Hata kukosea, mtoto huyu anajua kukosea.

Pazia likalazwa jukwaani. Mama Sofa akapanda, wembe mkononi, akashika ncha ya mshono.

"Acha, Dada," Shela alisema taratibu, bila kuinua macho. "Nitafumua mwenyewe."

"Tukiwa wawili tutamaliza leo."

"Najua."

Shela akauvuta mshono upande wake, akakata uzi wa kwanza. Mama Sofa alibaki amesimama pale, hajui ashuke kwa ngazi ipi.