Marsiana na Kifuko cha Mtama

Marsiana wa kijiji cha Keza alipotoka hospitali baada ya kukatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, nesi alimwambia, "Mama, usikae tu. Tembea kila siku, na huo mkono uuinue taratibu mpaka uzoee."

Mumewe, Ansbert, hakutaka kusikia. Alificha jembe, akaficha ndoo, na mkewe akigusa hata ufagio, ananyang'anywa. "Pumzika, mama Wiston." Akapumzika mpaka mkono ukakakamaa, akashindwa hata kufunga kilemba.

"Ansbert, nilikatwa titi, sikukatwa miguu. Naenda gulioni."

Ili kuziba pengo kifuani alishona kifuko, akakijaza mtama kiwe na uzito kama titi lenyewe. Akavaa blauzi ya kanisani, akashika njia, mikono akiipandisha na kuishusha. Waendesha bodaboda walidhani anawasimamisha, wakasimama.

"Endeleeni tu, wanangu. Nafanya mazoezi."

Karibu na gulio akasikia kuku nyuma yake. Kugeuka, jogoo mmoja na kuku kadhaa wanadonoa njiani. Uzi wa kifuko ulikuwa umeachia, mtama unamwagika njiani kutoka chini ya blauzi. Akaongeza mwendo, kuku nao wakaongeza. Akakimbia, akaingia gulioni na msafara wake, jogoo akimrukia.

"Mama Wiston, unawapa nini hao?" akauliza muuza dagaa.

Marsiana, kifua upande mmoja kimeshaporomoka, alitaka kulia. Kikamtoka kicheko, akacheka hadi akakaa chini. "Wananila titi!"

Gulio zima likaangua kicheko, naye akaeleza yote palepale bila kunong'ona: ugonjwa, upasuaji, mazoezi.

Alipokuwa akikung'uta blauzi, Odeta, mke wa fundi baiskeli, akamsogelea. "Dada, hata mimi nilikatwa. La kulia. Tangu hapo naona aibu kutoka."

"Umejaza nini?"

"Soksi za mume wangu."

"Una akili. Kuku hawali soksi."

Ansbert alipopata habari alicheka, kisha akatoa jembe mwenyewe.

Siku hizi wanawake hao wawili hutembea pamoja asubuhi, wakipanda mlima mikono juu. Odeta alianza mkono ukiinuka hadi usawa wa bega tu. Sasa unafika kwenye matawi ya mparachichi wa jirani, na tayari mwenye mti ameanza kulalamika.